Kuosha madirisha ya juu kwa fimbo ya maji: mwongozo kamili kwa fundi

Dirisha la ghorofa ya tatu linaweza kuoshwa na mtu aliyesimama ardhini, likakauka lenyewe bila kuguswa na kitambaa wala raba ya kuvutia maji, na likang'aa. Kinachowezesha hilo ni fimbo ndefu ya kuvuta, yenye brashi kichwani na mpira mwembamba unaopandisha maji yaliyosafishwa madini. Kazi hii imewashusha mafundi wengi kutoka kwenye ngazi, na hilo peke yake linatosha kuifanya istahili kujifunzwa vizuri.

Wanaoanza hudhani siri iko kwenye kusugua. Brashi hulegeza uchafu tu, maji ndiyo yanayouondoa. Uchafu uliolegezwa ukaachwa juu ya kioo hukauka hapo hapo, na mwenye nyumba huona michirizi ambayo haikuwepo kabla hujafika. Kwa hiyo, katika kila hatua ya mwongozo huu, jiulize: maji haya yametoka wapi, na yakishuka yamebeba nini?

Maji kabla ya kitu kingine

Maji ya bomba yana madini yaliyoyeyuka: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, silika na mengine. Tone likikauka juu ya kioo, maji huenda hewani na madini hubaki pale pale kama doa jeupe. Fundi wa sabuni na raba hulikwepa tatizo hilo kwa kuyavuta maji kabla hayajakauka. Wewe uliye mita nane chini ya kioo huna nafasi hiyo, kwa hiyo inabidi maji yenyewe yasiwe na cha kuacha.

Nunua mita ya TDS, yaani ya jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Ni kifaa kidogo cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinakadiria wingi wa madini kwa ppm (sehemu kwa milioni), ambayo kwa maji ni sawa na miligramu kwa lita. Lengo ni 0. Mafundi wengi huvumilia hadi 10. Mimi nashauri usivuke 5, hasa kwenye vioo vyeusi na majengo yanayopigwa na jua, kwa sababu huko hata alama hafifu huonekana. Pima kila asubuhi kabla ya kufungua mpira, na upime tena ukihisi jambo haliendi sawa.

Njia rahisi ya kuanza ni chupa kubwa ya resini mchanganyiko. Ndani yake mna punje za aina mbili: moja inashika ioni (chembe zenye chaji ya umeme) chanya za madini na kuachia haidrojeni, nyingine inashika ioni hasi na kuachia haidroksidi, na hizo mbili zikikutana zinakuwa maji. Ni mfumo usiohitaji umeme wala kumwaga maji, lakini resini huisha. Kadiri maji ya bomba yalivyo na madini mengi ndivyo inavyoisha haraka. Maji ya ppm 300 huimaliza resini haraka takriban mara tatu kuliko maji ya ppm 100.

Ikiwa maji yako ni magumu, yaani yana madini mengi, weka kabla ya resini utando wa osmosisi kinyume, ambao hupitisha maji na kuzuia madini. Maji yapite kwanza kwenye chujio la mashapo, kisha kwenye chujio la mkaa, halafu kwenye utando, na mwisho kwenye resini. Usiruke mkaa. Kazi yake ni kuondoa klorini, na klorini huuharibu utando bila kurudi nyuma. Utando mzima huzuia zaidi ya tisa ya kumi ya madini, hivyo resini inabaki na kazi ndogo ya kumalizia na inaweza kudumu muda mrefu sana. Gharama yake ni maji yanayokataliwa na utando, yenye madini mengi zaidi, ambayo hutoka kwa bomba la pembeni. Yapeleke kwenye kazi nyingine, kama kuosha sakafu au kusukumia choo. Tambua pia kwamba utando hutoa maji polepole zaidi yakiwa baridi, kwa hiyo msimu wa baridi jaza tangi usiku.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba resini inapokaribia kuisha, silika huanza kupenya mapema, na mita ya TDS haiioni vizuri kwa sababu silika haipitishi umeme kama chumvi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma namba ndogo na bado akapata madoa. Namba ikianza kupanda kutoka 0, agiza resini nyingine. Usingoje ifike 10. Ukisikia maji yananuka kama samaki, resini hiyo imekwisha.

Fimbo, brashi na midomo ya maji

Fimbo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, nyuzi za kaboni, au mchanganyiko wa hizo mbili. Ya nyuzi za kioo ni nafuu na nzito, na inafaa kwa nyumba za ghorofa moja au mbili. Ikirefushwa sana hupinda na kuyumba, na brashi haifuati mkono wako. Ya kaboni ni nyepesi na ngumu, na mwili wako utaishukuru mwisho wa siku. Chagua fimbo inayozidi kidogo urefu wa kazi yako ya kawaida. Kubeba fimbo ya mita 15 kuoshea madirisha ya mita 6 ni kujichosha bure, maana vipande usivyovitumia bado unavinyanyua.

Brashi ya nywele za nailoni ni chaguo salama la kila siku. Zenye ncha zilizochanwa ni laini zaidi na hushika maji vizuri. Nywele za nguruwe husugua kwa nguvu zaidi na husaidia pale uchafu ulipogandamana. Ukubwa wa sentimita 30 hadi 40 unatosha nyumba nyingi. Brashi pana sana hukwama kwenye madirisha yenye vioo vidogo vidogo, na ikiwa juu inazidisha uzito mahali pabaya kuliko pote.

Midomo ya maji, yaani vitundu vya kwenye brashi vinavyotoa maji, ni ya aina mbili. Ile ya mkondo mwembamba hutoa maji yenye nguvu yanayofika pale pale unapolenga, hata upepo ukivuma kidogo. Ile inayotandaza hufunika eneo pana kwa upole, na inafaa kwa kioo ambacho maji hayatulii juu yake. Kwa mtiririko, lita moja na nusu hadi mbili kwa dakika kwa mtu mmoja zinatosha. Pampu ndogo ya volti 12 yenye kidhibiti cha kasi hufanya kazi hiyo kwa betri. Usiongeze kasi ukidhani utasuuza haraka zaidi, kwani maji mengi mno hurukaruka, hulowesha ukuta, na huamsha uchafu wa mahali ambapo hukukusudia kuosha.

Tangi la lita 400 likijaa lina kilo 400 za maji. Kabla ya kulipakia kwenye gari hakikisha gari linaruhusiwa uzito huo, na lifungwe kwenye fremu iliyoshikamanishwa na bodi, si kwa kamba. Breki ya ghafla haitaisubiri kamba.

Kabla ya kunyanyua fimbo

Angalia juu. Hii ndiyo hatua inayookoa maisha, na haina mbadala. Nyaya za umeme zikiwa karibu, fimbo isirefushwe hapo, iwe ya kaboni au ya nyuzi za kioo. Kaboni hupitisha umeme vizuri. Nyuzi za kioo zikilowa nazo haziaminiki, na maji yako yakishagusa uchafu si safi tena, hivyo hupitisha umeme. Zaidi ya hayo, umeme wa msongo mkubwa huweza kuruka hewani bila fimbo kugusa waya. Kama huna uhakika na umbali salama, uliza mamlaka inayomiliki nyaya hizo. Kama jibu halipo, madirisha ya upande huo yasioshwe kwa fimbo. Ukisikia radi, shusha fimbo na uiweke chini.

Zunguka jengo zima kwa miguu. Tafuta madirisha yaliyo wazi, matundu ya hewa, soketi za nje, taa, kamera na mashine za viyoyozi. Tazama ardhi utakayotembea juu yake huku macho yako yakiwa juu: mashimo, ngazi, vyungu, majani yanayoteleza. Mpira wa maji utalala njiani, kwa hiyo weka koni za tahadhari pale watu wanapopita, na uupitishe kandokando ya ukuta badala ya katikati ya njia.

Halafu jaribu fremu. Lowesha kidole, kipitishe kwenye fremu ya chini. Kikitoka na unga mweupe, rangi au plastiki ya fremu imechakaa kwa jua na itamwaga maji ya maziwa juu ya kioo kila ukiilowesha. Mwambie mteja kabla ya kuanza. Akiambiwa mapema ataelewa, lakini akiyaona mwenyewe kesho yake atadhani umefanya kazi mbovu.

Kurefusha, kusimama na kushika

Simamisha fimbo wima, mguu wake ukiwa chini. Anza kurefusha kipande chembamba cha juu, funga kibano, kisha kinachofuata. Ukianza na vipande vinene vya chini, vibano vya juu vitakwenda mbali na mkono wako. Wakati wa kufupisha fuata njia ya kinyume, kibano cha chini kwanza, huku mkono mmoja ukikishika kipande cha ndani kisiteremke chenyewe na kukubana vidole.

Usisimame chini kabisa ya dirisha. Rudi nyuma mpaka fimbo iwe na mwinamo wa karibu nyuzi 70 kutoka ardhini. Ukisogea karibu mno shingo inakakamaa na maji yanakudondokea usoni. Ukienda mbali mno fimbo inapinda na brashi inapoteza mguso. Rekebisha pembe ya kiungo kinachoshikanisha brashi na fimbo ili nywele zote zilale sawasawa kwenye kioo. Hapo ndipo wengi hupoteza nguvu: brashi inagusa kwa ukingo mmoja, nao wanaongeza shinikizo badala ya kurekebisha kiungo.

Mkono wa chini ushike karibu na nyonga, wa juu karibu na kifua. Wa chini husukuma na kuvuta, wa juu huongoza. Weka miguu yako upana wa mabega, mguu mmoja mbele, na mwendo utoke magotini na kiunoni. Mabega yakianza kuuma kabla ya saa sita mchana, unasukuma kwa mikono mitupu. Badili upande kila baada ya madirisha machache, hata kama mkono wa kushoto utaonekana mzito mwanzoni.

Dirisha moja, hatua kwa hatua

Anza na ghorofa ya juu kabisa na ushuke, maana maji yote yanashuka. Kama kuna upande wa jua na wa kivuli, anza na kivuli. Kioo kilichopata joto hukausha maji kabla hujasuuza.

Kwanza, fungua maji na uguse ukingo wa juu wa fremu. Safisha fremu ya juu kwa mwendo wa kulia na kushoto, taratibu, ukiondoa utando wa buibui na vumbi lililojikusanya juu ya ukingo. Shuka kwenye fremu za pembeni, kisha kwenye kizingiti cha chini. Fremu zikiwa chafu sana, osha fremu za upande mzima wa jengo kwanza, rudi mwanzo baada ya dakika chache, ndipo uguse vioo. Muda huo unaziruhusu fremu kumaliza kudondosha maji machafu. Kama jengo linaoshwa mara kwa mara, fremu ya juu iguswe kidogo tu, au iachwe kabisa kwa zamu hii. Fremu iliyoloweshwa sana huendelea kudondosha kwa muda mrefu baada ya wewe kuondoka.

Pili, kioo. Brashi ipite kwanza kwenye kingo zote nne, kwa sababu uchafu hukaa pembezoni na kwenye raba inayozunguka kioo. Kisha nenda juu na chini kwa mistari iliyo wima, kila mstari ukifunika theluthi ya ule uliopita. Shinikizo liwe la kutosha kupinda ncha za nywele tu. Vinyesi vya ndege vikikataa kutoka, vilowanishe, endelea na dirisha jingine, kisha rudi. Baada ya dakika mbili vitakuwa laini.

Tatu, kizingiti. Pitisha brashi upesi kuondoa uchafu ulioshuka, lakini usiirudishe brashi hiyo hiyo kwenye kioo kabla hujaisuuza nywele zake. Iinue, acha maji yake yenyewe yaishushie uchafu, ndipo uendelee.

Kusuuza

Tenga muda wa kusuuza ulio karibu sawa na ule wa kusugua. Kabla ya kuanza, tazama jinsi maji yanavyokaa kwenye kioo. Kuna vioo ambavyo maji hutandaa yakashuka kwa pamoja, na kuna vioo ambavyo maji hukusanyika kuwa matone na kukimbia kwa mistari.

Kwenye kioo cha kutandaa, iache brashi iguse kioo kwa wepesi, anza kona ya juu, ivute polepole hadi kona ya pili, ukiacha maji yasukume kila kitu chini. Shuka kwa mistari wima bila kusugua, ukisonga upande mmoja tu. Ukirudi nyuma unaurudisha uchafu.

Kwenye kioo cha matone, brashi inayogusa huacha alama zake mwenyewe. Iondoe kwenye kioo sentimita kadhaa, geuza midomo ielekee sehemu ya juu ya kioo, chini kidogo ya fremu, na uitembeze kutoka upande hadi upande. Midomo inayotandaza husaidia sana hapa. Lenga kioo, si fremu. Maji yakipiga fremu ya juu wakati wa suuza ya mwisho, umeanza upya bila kujua.

Malizia kwa kushuka hadi mwisho wa kioo na kupitisha maji kwenye kizingiti. Kisha ondoa fimbo kwa mkupuo mmoja kwa pembeni, usiipitishe mbele ya kioo ulichomaliza, maana matone ya brashi yatakifuata. Acha kioo kikauke chenyewe. Kikiwa bado kinadondosha huwezi kukihukumu.

Vioo vya mara ya kwanza, na vile visivyofaa

Jengo ambalo halijaoshwa kwa njia hii litahitaji kuoshwa mara mbili au tatu kabla halijatulia. Uchafu wa miaka uliojificha kwenye raba na viungo hautoki siku moja. Mweleze mteja, na upange ziara ya pili mapema kuliko kawaida.

Rangi iliyomwagika, saruji na silikoni haziondoki kwa brashi. Hizo zinahitaji kisu maalumu cha kioo na mtu aliye karibu na kioo, na kwa kioo kilichokazwa kwa joto hata kisu hicho kinaweza kuacha mikwaruzo. Madoa ya chokaa kutoka kwenye mabomba ya kunyunyizia bustani nayo hayaendi na maji safi peke yake. Fremu za mbao zenye rangi inayobanduka, vioo vidogo vilivyounganishwa kwa vipande vya madini ya risasi, na madirisha yanayovuja, yaoshe kwa mkono. Usilazimishe fimbo mahali isipofaa.

Kusoma alama kioo kikishakauka

Rudi na utazame kioo kutoka pembeni, si moja kwa moja. Vidoa vya duara vilivyosambaa kila mahali vinaashiria maji yako: pima. Mchirizi unaoanzia katikati ya ukingo wa juu umetoka kwenye fremu, au kwenye tundu la hewa lililo juu yake. Michirizi inayoanzia kwenye kona za juu mara nyingi ni uchafu wa viungo vya fremu. Ukanda mchafu chini kabisa ya kioo unaonyesha uliacha suuza mapema. Pembe zilizobaki na vumbi zinaonyesha brashi haikufika, ama nywele zake zimechakaa na kuinama. Kila alama ina chanzo chake, na ukikijua unarekebisha hatua moja tu badala ya kuosha dirisha zima upya bila mpango.

Upepo nao huharibu suuza. Brashi ikishindwa kukaa pale unapoiweka, acha fimbo ndefu kwa siku hiyo. Mvua ya kawaida haina shida, maana si yenyewe inayochafua kioo kilicho safi. Ni vumbi la fremu na kuta linalobebwa nayo.

Kufunga siku

Funga pampu, toa shinikizo kwenye mpira, ukunje ukiwa mtupu kadiri inavyowezekana. Suuza fimbo, fungua vipande vyake na uvifute kwa kitambaa, kwa sababu mchanga unaobaki katikati ya vipande huvikwangua kila vinapovutwa. Brashi itundikwe nywele zikiwa huru, isilazwe juu ya nywele zake.

Maji ya tangi yasikae siku nyingi. Yameondolewa klorini, na joto la kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi huwafaa bakteria wa Legionella, ambao huambukiza mtu anapovuta ukungu wa maji yenye bakteria hao. Tumia maji mapya, osha tangi kwa dawa inayofaa mara kwa mara, na ulizuie lisipate jua. Penye baridi ya kugandisha, ondoa maji kwenye utando, chupa ya resini na pampu, au vihifadhi ndani, kwa kuwa barafu hupasua vyote vitatu.